Diski ya Mezani

Diski ilirudi maishani mwangu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Mara ya mwisho niliivaa nikiwa darasa la saba: kipande cha mbao chenye tundu na kamba, alichovishwa mtoto yeyote aliyenaswa akiongea Kikamba shuleni. Mwaka huohuo mama alimfuata baba kaburini, nikaacha shule nilee wadogo zangu wawili. Nikadhani mimi na diski tumemalizana.

Aliyeirudisha ni mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha tatu. Mimi hushona katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, na nafasi ya msimamizi wa laini, safu nzima ya washonaji, ilikuwa imetangazwa tena. Mara mbili nilikuwa nimeiacha ipite. Kazi naijua. Mashine ya ovaloki ikikaribia kukata uzi, masikio yangu huniambia kabla haijakata. Lakini intavyu ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu nilikiacha kule darasa la saba.

"Hii ya tatu haipiti," mdogo wangu alisema. "Kuanzia leo, wakati wa chakula cha jioni ni Kiingereza tu. Atakayeteleza anavaa diski na anaosha vyombo."

Ndugu yetu wa kiume ni fundi wa mbao hapa Kyumbi, na mzaha haumkauki mdomoni. Aliichonga siku hiyohiyo, akaipiga msasa, akaipaka vanishi. "Shingo ya bosi haivai mbao mbichi," akasema.

Niliosha vyombo jioni nne mfululizo. Mdogo wangu wa kike, sasa mwalimu wangu, akaona anipunguzie mzigo, akanipa neno moja tu la kushikilia: "usually", lile la kusemea mambo unayoyafanya kila mara. Ukilijua hilo, alisema, utaeleza kazi yako yote bila kukwama. Tukawa tunazunguka meza, kila mtu na sentensi yake. I usually wake up at four. I usually carry tea in a flask. Nilinogewa nikaanza kulitia kila mahali, kama mpishi aliyepata chumvi baada ya mwezi.

"My name is usually..." nilianza jioni moja, nikijifanya niko mbele ya wakubwa.

"Na siku zingine unaitwa nani?" ndugu yangu aliuliza, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mkono wa mwalimu umenyooka na diski inaning'inia.

"Vaa," mwalimu akamwamuru kwa Kiingereza, "na utoe sentensi, hujatoa yako leo."

Akaivaa. Akakoroga muthokoi wake kwa kijiko, mahindi na maharagwe vikizunguka, akasema bila kuniangalia, "My sister usually eats last."

Kwamba mimi hula mwisho. Nilikuwa bado nimeshika mwiko, sahani yangu tupu kando ya sufuria. Miaka yote hiyo sikujua kama kuna mtu anaona.

"Ni sawa hiyo?" akauliza.

"Ni sawa," mwalimu akajibu, naye kwa Kiswahili, na hakuna aliyemdai avae diski.

Siku ya intavyu nilikuta watu watatu mezani. Niliulizwa kuhusu tageti, idadi ya nguo za kushonwa kwa siku, nikajibu. Niliulizwa kuhusu mashine ikiharibika, nikajibu, "usually" yangu ikinitangulia kama tochi. Ndipo mmoja wao, mama wa ofisi ya wafanyakazi, akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiingereza: watu sitini wa laini, wengine wenye cheti cha kidato cha nne, watakusikiliza wewe kwa nini?

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nilitafuta kichwani nikakuta sentensi moja tu, nayo haikuwa yangu.

"At home," nikasema, "I usually eat last."

Mwenzake, mzee wa uzalishaji, akainamia meza. Akataka kujua, na chakula kikiisha kabla hakijanifikia?

"Usually it is enough," nikamwambia. "I am the one who cooks."

Kwamba hutosha, maana mpishi ni mimi. Walicheka wote watatu. Sikujua kama ni kicheko kizuri, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikipima huku na huku kama kitambaa chenye kasoro.

Barua ilitoka wiki iliyofuata. Nilipewa laini.

Nilipofika nyumbani jioni hiyo nilimkuta ndugu yangu kwenye sufuria, mwiko mkononi. Mwalimu wangu akanionyesha kiti. Sahani ya kwanza ikawekwa mbele yangu, imejaa mpaka ukingoni, nao wakasimama wakiningoja nionje. Sikujua mikono niiweke wapi. Muthokoi ulikuwa haujaiva vizuri na chumvi hakuna.

"Muvea," nikasema. Asante, kwa lugha ya mama.

Wakatazamana. "Na msimamizi ndiye huyo anavunja sheria!" ndugu yangu akapiga kelele kwa Kiingereza, na kabla sijameza diski ilikuwa shingoni.

Nikala mpaka nikamaliza. Kisha nikaosha sahani zote tatu, na sufuria.