Mkalimani Aliyekwama Jukwaani

Siku sita za wiki Hesbon Mukhisa hutengeneza trekta mjini Kitale, kando ya barabara ya kwenda Kwanza. Jumapili hutoa grisi mikononi kwa sabuni ya unga, huvaa koti la kahawia na kusimama hatua moja nyuma ya mhubiri mgeni. Mgeni akisema Kiingereza, yeye hukitoa kwa Kiswahili. Mgeni akiinua mkono, naye huinua; akinong'ona, naye hunong'ona. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili bila malipo. Shule aliiacha darasa la saba. Kiingereza alikiokota kwenye redio na vitabu vya mashine.

Mwaka jana aliteleza. Mhubiri kutoka Uingereza aliwaambia kina mama, "Keep an eye on your neighbour's children." Alikuwa akiwasihi wawaangalie na watoto wa jirani, wasipatwe na baya. Baba Hillary, kama tunavyomwita, alifuata neno kwa neno: "Watieni jicho watoto wa jirani!" Kwetu mtoto aliyetiwa jicho hulia na kuharisha, na aliyemtia hatajwi kwa wema. Kina mama waliwafunika watoto nyuso kwa leso. Vijana walicheka mpaka mahubiri yakaisha.

Mwaka huu kamati ya kanisa ilimpa nafasi ya mwisho. Mkutano mkuu wa Agosti ungekuwa Bungoma, kichwa chake "Kesheni mkiomba", kwa Kiingereza "Watch and pray", na mhubiri ni yuleyule. Akikosea tena, kazi angepewa mwingine. Huyo mwingine nilikuwa mimi, kwa sababu nimesomea Kiingereza chuo kikuu. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza kusimama mbele ya watu elfu moja. Siwezi.

Wiki mbili kabla ya mkutano alibisha mlangoni kwetu, daftari kwapani.

"Nakhumicha, nasikia ati unataka kunirithi nikiwa hai."

Niliangalia viatu vyangu. "Sikuomba, Baba Hillary."

"Najua. Basi si unifundishe? Huyu mtu atahubiri kuangalia, na Wazungu kwa kuangalia wako na misemo mingi kama kunguru."

Tukaanza. Nilimweleza kwamba "watch your back" ni onyo: kuna mtu anakutakia mabaya, pengine ni rafiki.

"Mgongo nitauangalia na nini, bana? Kioo cha trekta?" Lakini aliandika.

"Watch the clock" nikasema ni mfanyakazi ambaye macho yake yako kwenye saa, anangoja tu muda wa kutoka.

"Huyo ni shemeji yangu Kiplagat. Endelea."

Tulipofika kwenye "a watched pot never boils", kwamba sufuria inayotazamwa haichemki, aliweka kalamu chini.

"Uongo! Acha maziwa kwa jiko bila kuangalia, uone vile Mama Hillary atakufanya."

"Maana yake, ukingoja kitu kwa hamu, unaona kinachelewa."

Aliokota kalamu. "Kama kungojea mahindi iote."

"Ndiyo."

"Basi nitasema mahindi. Sufuria ibaki kwao."

Alijifunza misemo kumi na tisa, akawa anairudia akiwa gereji, chini ya trekta.

Bungoma, siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili, mhubiri alipokaribia kumaliza, alinyoosha mkono juu ya umati akasema Mungu bado ana kazi Bungoma. Baba Hillary akanyoosha wake, akakalimani vizuri. Kisha mhubiri akasema, "Watch this space."

Huo sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimeusahau.

Baba Hillary alifungua kinywa, akakifunga. Mkono wake ulibaki hewani. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka. Festus, katibu wa kamati, aligeuka akanipungia nisimame. Nilibaki nimeketi.

Ndipo Baba Hillary akashusha mkono, akamgeukia mhubiri, akamwuliza kwa Kiingereza, kipaza sauti kikiwa wazi: ndugu yangu, huo siujui, una maana gani? Mhubiri alishtuka, halafu akamweleza polepole. Umati wote ulingoja.

"Anasema hivi," Baba Hillary akawageukia watu. "Umepanda, na shamba bado ni udongo mtupu. Usifungulie ng'ombe iingie. Ngoja hapo hapo, kitu kinakuja."

Amina iliyofuata ilitikisa hema.

Wakati wa chakula Festus alimfuata. "Mzee, kumbe unaweza kuuliza?"

"Miaka ishirini na mbili niliona aibu."

"Hata mimi hiyo sikuijua," Festus akasema, akikuna shingo. "Kesho ni wewe tena."

"Kesho ni mimi na huyu." Alinielekezea kijiko. "Atakaa kwa ngazi, nyuma ya spika. Nikikwama nainama, ananiambia kwa sikio. Hakuna mtu atamwona. Ama namna gani, mwalimu?"

Nilikubali.

Siku ya tatu aliinama mara mbili.