Mbuzi Tisa Waliohesabiwa Mara Mbili

Saa mbili na robo asubuhi, vidole vya Garoufalia Tsirka vimeshakuwa vyeupe. Anakoroga plasta kwenye kikopo cha mtindi, anaimimina taratibu kwenye kalibu ndogo, halafu anagonga meza mara tatu ili viputo vipande juu.

Akiitoa, ni kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kichwa cha mbuzi, ndevu zake, anatazama kushoto. Ni nakala ya sarafu ya fedha ya miaka elfu mbili na mia nne iliyopita, na mezani pake ziko mia mbili na kumi na nne.

Garoufalia ana miaka hamsini na saba. Aliingia jumba hili dogo la makumbusho la Petrohori, kisiwani Evia, Ugiriki, kama mfagiaji. Leo mshahara wake ni euro mia tisa na sitini kwa mwezi, na majirani bado wanasema kazi yake ni kuchezea unga.

Unga gani? Huyu mama anajaribu kujua mji wake uligonga sarafu ngapi enzi hizo, na hakuna daftari hata moja lililobaki. Kilichobaki ni mbuzi.

Zamani muhuri mmoja ulikazwa chini kwenye fuawe, wa pili ukashikwa juu, kipande cha fedha katikati, nyundo ikashuka. Kila muhuri ulichongwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna mbuzi wawili wanaofanana kabisa. Ukizilinganisha sarafu moja moja, unajua zipi zimetoka kwenye muhuri mmoja.

"Ni kama kukaa dirishani kutazama wapita njia," anasema. "Ukiona nyuso zile zile kutwa nzima, kijiji ni kidogo. Ukiona wageni tu, ujue mji ni mkubwa na wengi hujawaona."

Miaka kumi na moja alikaa kwenye dirisha hilo. Akapata mihuri ya chini, ile yenye mbuzi, hamsini na minane. Profesa Iasonas Velmahos, aliyeanzisha utafiti huu, akapiga hesabu ya ile ambayo haijaonekana, akafika jumla ya karibu themanini. Kama kila mmoja uligonga sarafu elfu ishirini kabla ya kufa, na hapo hata wataalamu wenyewe wanabishana, basi ni milioni moja na laki sita.

Petrohori ikavimba kichwa. Pale kwenye mgahawa wa kahawa wazee wakaanza kuitana mamilionea, na mwokaji akamtaka mkewe amheshimu kidogo, kwa kuwa kumbe aliolewa kwenye ukoo wa matajiri.

Kitabu kikakamilika. Kwenye jalada, chini ya jina la profesa, kulikuwa na jina la mwanamke aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Ijumaa kilikuwa kiingie mtamboni.

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo, Garoufalia alikwenda kanisani.

Jirani yake Anthoula, bibi wa miaka sabini na minne, alikuwa ameleta mkate wa ibada aliouoka mwenyewe, umegongwa muhuri wa mbao juu kama kawaida. Ila safari hii herufi zilikuwa zimekaa wima, kali. Garoufalia akamnong'oneza kama amenunua muhuri mpya.

Anthoula alinuna. "Mpya wa nini? Muhuri wa mama yangu niutupe niende wapi? Nimempa fundi auchimbe upya, herufi zilikuwa zimekufa. Na wewe si ndiye mtaalamu wetu wa mihuri? Tazama ufa wake pale ukingoni. Umeenda wapi?"

Garoufalia akatazama. Ufa ulikuwepo, umeacha mstari mwembamba juu ya mkate, pale pale ulipokuwa miaka yote.

"Sikusikia tena neno la ibada," anakumbuka. "Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza mbuzi."

Kwa sababu miaka yote hiyo alilinganisha pembe na ndevu. Nyufa aliziona, akaziacha. "Niliona ni ugonjwa tu. Mtu unamjua kwa sura, huanzi kuhesabu makovu."

Jumatatu akaanza na makovu. Mbuzi namba kumi na mbili ana ndevu nyembamba, na chini ya kidevu kuna mstari kama unywele. Mbuzi namba thelathini na moja ana ndevu nene za mawimbi, na chini ya kidevu, mstari ule ule, umerefuka kidogo. Ni muhuri mmoja. Ulichakaa, fundi wa kale akauchimba upya, kazi ikaendelea. Mbuzi alibadilishiwa ndevu tu, na Garoufalia akamwandika kama mbuzi mwingine.

Kufika Jumatano alikuwa na mbuzi tisa wa namna hiyo. Hamsini na minane wakawa arobaini na tisa. Themanini ya profesa ikashuka mpaka kama sitini na nne. Sarafu zaidi ya laki tatu zikayeyuka juu ya meza.

Na hakuna mwingine aliyejua. Fedha za kuchapisha zilikuwa zinaisha muda wake mwezi huo huo. Akisema, kitabu kinaweza kisitoke kabisa, na jina lake litabaki kwenye jalada la majaribio.

Akapiga simu. Profesa alimtaka arudie namba zote tisa.

"Ungekaa kimya, Bi Garoufalia, nani angejua?"

"Anthoula," akamjibu.

Profesa alikata bila kuaga. Kesho yake alishuka kwenye basi la kwanza na lenzi yake mfukoni, akakaa mezani mpaka saa saba mchana bila kugusa kahawa. Alipovua miwani alisema neno moja tu: tisa. Kisha yeye mwenyewe akampigia mchapaji na kukiondoa kitabu.

Fedha sasa zinatafutwa upya, na hakuna aliyeahidi kitu. Mgahawani wamemlalamikia Garoufalia kwamba amewafilisi. Amewajibu kuwa walifilisika zamani, yeye kawaletea habari.

Mpango wake ni kutumia mwaka mzima kuipitia mihuri ya juu pia, yote mia moja thelathini na saba, ufa kwa ufa. Halafu kuna sura mpya ya kitabu, ya nyufa, ambayo profesa amemwachia aiandike peke yake. Mwanzoni anataka picha mbili ubavu kwa ubavu: mbuzi wake, na mkate wa Anthoula.

Anthoula amekubali kupigwa picha mkate wake, kwa sharti moja. Ule ufa usionekane, watu wasije wakasema nyumba yake ina muhuri mbovu.

"Sijamwambia bado kwamba picha yenyewe ni ya huo ufa," anasema Garoufalia, akigonga meza mara tatu. "Lakini nina mwaka mzima wa kumbembeleza."