Jina la Mtaa wa Kamezu

Tetsuro Minobe alikuwa mtengeneza ngozi, kama baba yake na babu yake. Ngozi alizozikwangua ndizo zilizowambwa kwenye ngoma za matamasha ya Osaka. Watu waliipenda ngoma. Aliyeiwamba hawakuwa tayari kumwoza binti yao. Tangu enzi za mababu, mtu wa Kamezu, mtaa wao, alinyooshewa kidole kwa kazi ya kushika mizoga, na wengi waliohama waliuficha mtaa wao kama kidonda.

Tetsuro hakuuficha. Aliimba mashairi ya kufokafoka, na kila shairi alilifunga kwa jina la Kamezu.

Sasa dada yake, Chizuru, alikuwa amechumbiwa na Haruomi, mwalimu wa ng'ambo ya mto, ambaye hakujua kuwa wao ni wa Kamezu. Jumapili hiyo Haruomi na mama yake wangekuja kwenye tamasha kumsikiliza Tetsuro.

Asubuhi hiyo mama yake Tetsuro alimsihi aseme Osaka tu badala ya Kamezu, yaishe. Alimkumbusha shangazi yao, ambaye uchumba wake ulivunjwa wiki ya harusi, baada ya wakwe kumtuma mpelelezi kuchunguza asili yake. Chizuru alikuwa akipiga pasi.

"Na wewe, bibi harusi, umemeza ulimi?" Tetsuro aliuliza.

"Mwenye mdomo ni wewe, kaka. Mimi nina pasi tu."

Mchana, uwanjani, ngoma ililia. Mama yake Haruomi alikuwa mstari wa mbele, akitikisa kichwa kwa kuifuata. Tetsuro aliimba juu ya bibi yao na mikono yake iliyoliwa na chokaa ya kutengenezea ngozi, hadi akafika mstari wa mwisho wa shairi.

"Mimi ni wa..."

Ulimi ukaganda. Kwa kawaida majirani wangemalizia jina hilo kwa sauti moja, lakini wote walitazama chini. Ndipo alipoelewa kwamba mama yake alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaomba wanyamaze.

Chizuru akasimama.

"Kamezu," alisema, bila kupaza sauti. "Sisi ni wa Kamezu."

Mama yake Haruomi aliacha kutikisa kichwa. Alichukua mkoba wake, akaondoka. Haruomi aliinuka nusu, mkono ungali umeshika kiti.

"Mfuate mama yako, au kaa," Chizuru alimwambia. "Ila usikae nusu."

Kisha akageukia jukwaa.

"Kaka, rudia tangu mwanzo. Majirani wamepitwa na sehemu yao."