Petro, Yakobo na Sebule Yangu

Kanisa letu la Waswahili lilianzia sebuleni kwangu, Hyattsville, hapa Marekani, katika fleti ambayo lifti yake hufanya kazi ikipenda. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi naambiwa lilianzishwa na watu wengine. Tulikuwa wanawake watatu na mtoto mchanga mmoja. Niliongoza sala kwa kuwa nyumba ilikuwa yangu, kisha tukanywa chai, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye jumuiya kule Tanzania. Wala sikujua kwamba naanzisha kitu.

Watu wakaongezeka. Wakenya walikuja na mapambio yao, Wakongo wakaja na sauti zao, jirani akawa anagonga ukuta. Tukapata ukumbi Landover, katika kanisa la Wamarekani, Jumapili alasiri wenyewe wakishamaliza ibada yao. Mafunzo ya Biblia ya Jumamosi yakabaki kwangu, maana kwangu kulikuwa na chai ya tangawizi na maandazi ya moto, na kanisa la Waswahili lisilo na chai halifiki mbali.

Ndipo wakaja wakubwa. Mmoja ni mchungaji kutoka Tanzania, aliyewekewa mikono na askofu, na haipiti siku bila kukukumbusha. Mwingine ni Mkenya, mzee wa kanisa tangu kwao, mtu wa ofisini mjini, amezoea vikao na ajenda. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa sebule yangu.

Kila mmoja alitaka neno la mwisho liwe lake. Lakini watu wa kanisani kwetu hawasemi "nataka kutawala." Wanafungua Biblia. Basi Jumamosi baada ya Jumamosi tukasoma habari moja tu: nani alikuwa na mamlaka katika kanisa la kwanza.

"Petro ndiye aliyekabidhiwa funguo," mchungaji alisema. "Mamlaka hutoka mkono hadi mkono, mpaka leo. Hayapigiwi kura."

"Na pale Yerusalemu, Mchungaji?" mzee akajibu. "Petro aliongea, sawa, lakini Yakobo ndiye ali-close mjadala. Na wazee walikuwa hapo. Paulo mwenyewe alimkemea Petro mbele ya watu. Sasa boss ni nani?"

Waumini wakagawanyika kama mashabiki wa mpira. Kulikuwa na watu wa Petro kwenye kochi na watu wa Yakobo kwenye viti vya plastiki. Mimi nilikuwa nikipita katikati na sinia, wote wakinyoosha mikono.

Siku moja nikaweka sinia chini nikauliza: hao Petro na Yakobo, walipokuwa wakijadiliana, waumini walikuwa wakikusanyika wapi? Si katika nyumba za watu? Na nyingine hazikuwa za wanawake, ambao Paulo anawasalimu kwa majina? Nani aliongoza sala katika nyumba hizo kabla mtume hajafika?

Mchungaji alitabasamu. "Mama, hao walikuwa wenyeji tu."

"Wenyeji tu, kweli," mzee akasema. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana. Akaniomba chai, isiwe na sukari nyingi.

Iliniuma, na bado inaniuma.

Miezi michache baadaye tukafiwa. Alikuwa kijana wa Kikongo, mfanyakazi wa ghala pale Landover, ndiye aliyekuwa akipanga viti vya ibada na kuvirudisha bila kuombwa. Moyo ulisimama akiwa kazini. Mkewe akaja kukaa kwangu na binti yao mdogo, kwa sababu alishindwa kulala katika chumba chao peke yake.

Alikuwa na ombi moja tu. Mumewe aagwe kwa sala ya Kiswahili, na aiseme mtu aliyemfahamu. "Maman, ni wewe utaomba," aliniambia. "Wewe ulimujua bwana yangu."

Nikawauliza wakubwa. Mchungaji akasema kuzika ni kazi ya aliyewekewa mikono. Mzee akasema baraza la wazee litakaa na kuteua mtu. Baraza lilikaa, na kumbe kila mmoja alitoka akiamini ameteuliwa yeye.

Siku ya kuaga, Wheaton, katika nyumba ya mazishi, tulikuwa tumepewa muda mfupi na familia nyingine ilikuwa ikisubiri kwenye korido. Mchungaji alisimama upande huu wa jeneza, mzee akasimama upande ule, kila mmoja na Biblia yake.

"Mzee, nakuomba ukae."

"Mchungaji, hiyo si vile tuli-agree."

Walinong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Chumba kizima kilisikia Petro akitajwa, kikasikia Yakobo akitajwa. Jina la marehemu halikutajwa. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa mstari wa mbele, mikono imekaza mkoba. Binti yake akamvuta nguo akamwuliza kwa sauti, "Why are they mad at Daddy?"

Nilisimama. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilipita kati ya wanaume wale wawili, nikaweka mkono juu ya jeneza, nikamshukuru Mungu kwa mtu aliyetupangia viti. Nikamtaja kwa jina, nikamtaja mkewe na mtoto wake, nikamkabidhi kwa Mungu. Watu wakaitika "Amina," wa Petro na wa Yakobo pamoja. Mjane akainua kichwa.

Hilo ndilo kosa langu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakubwa walikuja kwangu. Walikuja kwa gari moja, watu ambao kwa miezi hawakuwa wakipeana mikono. Niliwakaribisha, nikawatilia chai. Asante ya punda ni mateke, lakini mgeni ni mgeni.

Mchungaji alisafisha koo. "Mama, tumekaa, tumeomba, tumeona upumzike kidogo huduma. Usiongoze sala kwa sasa."

"Si vibaya, Mama," mzee akaongeza, andazi mkononi. "Lakini lazima kuwe na order. Mtu hawezi kusimama tu akaongoza."

"Mmetumia mamlaka ya nani?" niliwauliza. "Ya Petro au ya Yakobo?"

Wakatazamana. Mchungaji akapuliza chai yake, mzee akamega andazi. Kumbe ile vita yote ilikuwa inasubiri mtu wa tatu wa kuishia juu yake. Kwa hasira nikakiweka kikombe changu mezani.

"Ila Jumamosi," mzee akasema, akisogeza kikombe chake kiongezwe, "tutakuja saa ile ile, sivyo?"

Mjane alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, sijui tangu lini. Alikuja mezani, akakusanya vikombe, cha mchungaji kikiwa bado nusu. Akachukua na sahani ya maandazi.

"Ba papa," akawaita kwa heshima ya kwao, "chai imeisha."

Chupa ya chai ilikuwa pale mezani, imejaa, sote tunaiona. Nikainuka, nikawafungulia mlango.