Mpira Uliolaliwa na Kuku

Enzi zetu mpira wa mchezo wa meza haukuchukuliwa dukani hivi hivi kama pipi. Ulinuswa, ukazungushwa, ukagongwa kwenye jino, ukasikilizwa. Wenzangu mliokulia Kasulu mtanielewa. Wanangu wao wananiona nina wazimu. Juzi wameletewa mipira na basi hapa Kibondo, kopo zima, baada ya binti yangu kubonyeza simu akiwa amejilaza kitandani. Ikafika yote myeupe, yote sawasawa, haina harufu hata kidogo. Nikaanza kuizungusha mmoja mmoja juu ya meza ya chakula.

"Mama, unatafuta nini humo?" akaniuliza.

Nikaenda jikoni, nikarudi, nikatoka uani, nikarudi tena kuizungusha.

Kutulia sijawahi. Mama mzazi aliniita kiguu na njia tangu nilipojua kutembea, na siku akichoka kabisa alisema, "Huyu hata kaburini atageukageuka." Tuliishi kijiji kilicho jirani na kambi ya Nyarugusu, tukilima mihogo na maharage kama kila mtu. Kati yetu na kambi palikuwa na soko ambapo wenyeji na wakimbizi tuliuziana vitu, na mimi nikitumwa chumvi sokoni ilibidi mtu mwingine atumwe kunitafuta mimi.

Aliyekuja kunitafuta alinikuta pale pale siku zote, kwa baba yake Furaha. Mzee huyo alikuwa fundi seremala kutoka Kongo, akitengeneza vitanda pembeni mwa soko. Alikuwa na meza ndefu ya mbao za mninga ambayo mchana aliipigia randa, na jioni aliifagia takataka zote ili sisi watoto tuichezee. Wavu wetu ulikuwa kipande cha chandarua kilichochanika. Vibao alituchongea yeye mwenyewe, tukavibandika soli za ndala zilizokwisha. Ndala za bluu zilikuwa na mgongo mzuri, mpira ulizitii. Hadi leo nikiona mtu amevaa ndala za bluu macho yangu yanashuka miguuni.

Furaha, binti wa fundi, alikuwa rika langu, na alikuwa kila kitu ambacho mimi sikuwa. Alitulia. Wakati mimi naruka huku na huku kama bisi kwenye sufuria, yeye alisimama mahali pamoja na kusubiri mpira umfuate. Na masikio yake! Aliudondosha mpira mezani mara moja tu, akainamisha kichwa, akatoa hukumu.

"Huu uliisha kufa," alisema. "Uko na ufa ndani. Weye hausikie?"

Sikusikia kitu. Ufa wenyewe tuliuona kesho yake.

Shida ni kwamba Furaha hakuweza kwenda mjini. Kutoka kambini kulihitaji kibali, na nani angempa mtoto kibali cha kwenda kuchagua mpira? Basi mchaguzi nikawa mimi, nikipanda nyuma ya baiskeli ya baba siku anazopeleka maharage Kasulu. Duka letu lilikuwa la Mzee Salum, mtu wa pwani mwenye kofia safi na maneno mengi, aliyeiweka mipira ndani ya chupa kubwa ya kioo karibu na ubani. Ukifungua kifuniko ilikupiga harufu kali kama ya kafuri. Mimi nilikuwa natia mkono, natoa wa kwanza, naondoka. Nikifika sokoni Furaha anaudondosha mara moja na kuguna.

"Umetoka nao butike ukikimbia," alisema. "Wakati mwingine uzungushe kwanza. Mzuri unasimama kama umelala. Mbaya unacheza dansi."

Uliobonyea hatukuutupa. Tuliutia kwenye maji ya moto, ukafura wenyewe tukiutazama, na kila mara tulipiga kelele kana kwamba hatujawahi kuona. Tukacheza hivyo miaka, nakushinda leo, unanishinda kesho, wala hapakuwa na mtu wa kusema nani bora kati yetu. Ugomvi huo tulikuwa nao hata tukiteka maji.

Kisha zikaja habari kwamba watu wa Furaha wanarudi kwao. Majina yalishasomwa. Jumamosi malori yangewapeleka Kigoma, huko wapande meli kuvuka ziwa. Furaha aliniambia akiwa anakwangua gundi kwenye kibao, hata hakuniangalia. "Tutacheza mara ya mwisho asubuhi, mbele ya lori kuondoka," alisema. "Atakayeshinda ndiye ameshinda yote. Ulete mpira muzima. Usiniletee maiti."

Ijumaa nikamganda baba hadi akanipeleka mjini bila hata gunia la maharage. Nikamwaga chupa nzima juu ya kioo cha kaunta. Nikazungusha mmoja mmoja, nikinyanyua dhidi ya jua nione mshono, nikigonga kwenye jino, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisimama mahali pamoja. Mzee Salum akanitazama mpaka akachoka.

"Ewe mwanangu, mchagua jembe si mkulima," alisema. "Na usinibonyezee mali yangu."

Nilikuwa nasikiliza. Ukapatikana mmoja uliosimama juu ya kioo ukizunguka kimya, kama umelala kweli, na nilipoudondosha nikasikia. Wallahi nilisikia! Sauti kavu, nzima, isiyo na kikohozi ndani. Nililia barabara yote ya kurudi, na baba akadhani ni vumbi.

Nyumbani nikauficha ndani ya kapu la Bibi, juu ya maharage, nikiamini hapo ndipo mahali salama kuliko pote duniani. Asubuhi haupo. Nikapekua vyungu, nikapindua mikeka, nikaingia chini ya vitanda, huku mama akinicheka: "Haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Jua lilikuwa linapanda. Kwa mbali nikasikia malori yakiwashwa.

Bibi yangu alikaa kizingitini akichambua maharage bila haraka yoyote. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee.

"Unatafuta nini, mwana wanje?" akaniuliza, yaani mwanangu kwa lugha yetu.

"Mpira wangu, Bibi! Mweupe! Ulikuwa kwenye kapu lako!"

"Mpira sikuuona. Niliona yai."

Mnaofuga mnajua. Kuku akianza kutagia vichakani kwa jirani, unamwachia yai moja kwenye kiota ili ajue kwake ni wapi. Bibi alikuwa na koo mmoja mzururaji, alimwita jina langu kwa sababu hiyo hiyo, na usiku ule alimtegeshea "yai" aliloliokota kapuni. Alishangaa kidogo kwamba ni jepesi, akasema kuku wa siku hizi hawali vizuri.

Nikaenda kiotani. Yule koo, ambaye wiki nzima hakukanyaga banda, amejaa tele juu ya mpira wangu, ametulia kama malkia. Nilipoingiza mkono akanidonoa hadi damu. Nikamsukuma, nikauchomoa ukiwa na joto na unyoya umegandia juu, nikakimbia. Bibi aliniita nyuma yangu, "Na yai langu unalipeleka wapi?"

Sokoni nilikuta vurugu. Magodoro, sufuria, watoto wanalia. Meza ya fundi ilikuwa imeshanunuliwa na mtu wa kijijini kwetu, ambaye alisimama na mkokoteni wake akitaka kuibeba. Furaha alikuwa ameikalia.

"Haujamaliza kulala weye?" aliniuliza.

Nikampa mpira. Akaunusa. "Unanuka kuku."

"Sikiliza kwanza!"

Akaudondosha, akainamisha kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake. "Huu iko muzima," akasema, na akacheka, na mimi sijapata sifa nyingine maishani iliyonifurahisha kama ile.

Tulicheza na mwenye meza akitusimanga, "Jamani, meza yangu!" kila pointi. Nilicheza vizuri. Nasema kweli, sijawahi kucheza vile, na Furaha naye safari hii alilazimika kukimbia. Tukafika mwisho tumelingana, wa kupata mbili mfululizo ndiye mshindi. Zamu ya kuanzisha ikawa yake. Alikuwa ameushika mpira kwenye kiganja, anaupima, ndipo baba yake alipoita kwa nguvu na lori likapiga honi. Akageuka. Mikono ya watu ikamnyanyua hadi ndani ya lori. Vumbi likainuka, na mwenye meza akapata meza yake.

Wiki ile yule kuku alirudi vichakani, na mimi nikawa sikai nyumbani. Nilikwenda pale sokoni kila jioni kutazama mahali pa meza.

Watoto wa leo wana raha zao, sikatai. Binti yangu akigombana na rafiki aliyeko Dar, wanapatana kwa simu kabla chai haijapoa. Mpira ukivunjika anachukua mwingine kwenye kopo, hata hauuliziwi umekufaje. Sisi mpira mmoja ulikuwa safari, baiskeli, maombi na kudonolewa na kuku. Lakini sisi tulijua kusikiliza, na hilo halijaletwa bado na basi lolote.

Nimemtafuta Furaha kwa simu hizo hizo za wanangu. Wamejaa akina Furaha huko ng'ambo ya ziwa, hakuna aliye wangu. Jana jioni binti yangu, labda kwa kunionea huruma, alikunjua meza ya mchezo huo pale ukumbini, akanipa kibao na mpira. "Haya Mama, anzisha wewe."

Nikauzungusha, ukasimama vizuri. Nikaudondosha, ulikuwa mzima. Nikamrudishia.

Mimi siwezi kuanzisha. Zamu ni ya Furaha, na mpira anao yeye.