Bwana Rundo Juu ya Kaunta

Tsukahara Mineo hawezi uchafu. Lijulikane hilo kwanza. Ni mtu wa kunawa mikono kabla ya kushika kitasa na baada ya kukishika, chupi zake zinapigwa pasi, na akimwona mtu anachokonoa meno kwenye treni, anashuka kituo kinachofuata hata kama siko anakokwenda. Na mtu huyohuyo, tangu ujana wake hadi leo nywele zimemwisha kichwani, amelishwa na mavi. Neno ni chafu, najua, ila kazi yenyewe ndiyo hiyo na sina jina la heshima la kuipa.

Alisomea uchoraji wa wino kule Kyoto, kisha akaja Tokyo akiwa na brashi zake na ndoto ya kuchekesha watu kistaarabu. Katuni yake ya kwanza ilikuwa ya mtunza bustani wa hekalu anayesahausahau, mzaha wa polepole, wa kuchekea moyoni. Jarida moja la watoto la kila wiki likaichukua. Sasa jarida lile lilikuwa na kadi ya posta ndani ya kila toleo. Mtoto anaandika katuni anazozipenda, anatuma, kura zinahesabiwa, na anayeburuta mkia anafukuzwa. Mtunza bustani aliburuta mkia wiki baada ya wiki.

Mhariri wake alikuwa Kuroiwa, mwenye sauti ya dalali wa mnada. Katika kazi hii unakaa na mhariri kwenye mkahawa, anasoma vichekesho vyako vya penseli mbele yako, hacheki, nawe unakunywa kahawa iliyopoa ukimtazama asivyocheka. Ni fedheha tupu. Siku moja Kuroiwa alimaliza kusoma, akaweka karatasi mezani.

"Mwalimu," alisema, maana wahariri hutuita wachoraji sote walimu, hata yule watakayemfukuza jioni. "Huyu mtunza bustani anatumia mbolea gani?"

"Mbolea?"

"Mbolea ya asili. Ipe mdomo hiyo mbolea. Ivishe na kofia."

"Unanitania, Kuroiwa."

"Nikutanie mimi? Wiki ijayo unatolewa. Chora mavi, au rudi kwa mama."

Akachora, pumzi kaibana utadhani karatasi inanuka. Ndivyo alivyozaliwa Bwana Rundo: rundo lililosokotwa likapanda juu, lina masharubu, lina kofia, limeajiriwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Watoto walimpigia kura hadi kileleni na hawakumshusha tena. Ikaja filamu, yakaja masanduku ya chakula, ikaja miswaki, yaani mtu anaingiza kitu kile kinywani asubuhi na mapema. Ikaja keki ya chokoleti ya umbo lake. Walipomletea Mineo kipande kwenye sherehe, alitapika, tena palepale mezani.

Mashabiki ndio walimmaliza kabisa. Watoto humtumia picha za walichofanya chooni kwao, wamejisifu kwa kalamu ya rangi, wengine wamepima na rula. Mineo hufungua bahasha hizo kwa koleo. Na mama yake, kule Kanazawa, akiulizwa na majirani mwanawe anafanya nini, hujibu kwamba yuko kwenye mambo ya uchapaji.

Kulikuwa na mahali pamoja tu alipopumua. Nyuma ya stesheni ya Oyama, mzee Yabuuchi na mkewe Fusae wana kijimgahawa cha tambi za soba, kaunta ya mbao imesuguliwa hadi imekuwa nyeupe. Kwa kuwa Mineo alikuwa na wino vidoleni na hakosi kunawa, wenyewe walijiaminisha kuwa anafundisha maandishi ya brashi. Hakuwasahihisha. Fusae alikuwa akishusha sauti akimhudumia, na mzee alikuwa akimwomba ushauri hata wa kuchagua mapazia. Pale alikuwa mtu safi. Kuliko kupoteza pale, angekubali kupoteza nyumba.

Basi mchana mmoja, pamejaa watu, Kuroiwa huyo akasukuma mlango.

"Mwalimu, kumbe umejificha huku. Wale wa karatasi za chooni wanasubiri jibu. Wanamtaka Bwana Rundo kwenye kila kipande."

Vijiti vya kulia vilisimama hewani. Mineo alitazama bakuli lake, masikio yanamwaka moto.

"Bwana Rundo?" mzee Yabuuchi aliuliza. "Yule wa kofia?"

"Kwani hamjui mnamlisha nani?" alisema Kuroiwa.

Dereva teksi aliyeitwa Segawa ndiye aliyeanza kucheka, mgahawa mzima ukafuata. "Yale mavi ni yako, Mwalimu? Wanangu wamekua nayo."

"Na mke wangu anakunong'oneza kana kwamba wewe ni mtawa," alisema mzee, anajifuta machozi kwa aproni. Palepale alimtuma Fusae dukani akanunue kadi nene ya mraba yenye ukingo wa dhahabu, zile ambazo watu maarufu hutia sahihi zikatundikwa migahawani. "Tuchoree Bwana Rundo, nimtundike hapa juu ya kaunta."

"Watu wanakula hapa, mzee."

"Watakula huku wanacheka."

Kumbe Bwana Rundo alikuwa amemfuata Mineo. Hata hapa. Aliomba kwenda na kadi nyumbani, na huko akajifungia, akaazimia kuwaonyesha yeye ni nani. Alijaribu kwanza kwenye karatasi, akachana, akajaribu tena, mwisho akachora juu ya kadi korongo mmoja kasimama majini, mguu mmoja juu. Akaipeleka kwa mikono miwili.

"Loo, mzuri," alisema mzee.

"Mzuri kweli," alisema Fusae, kwa sauti ya mtu aliyezawadiwa soksi. Mineo aliisikia sauti hiyo akajifanya hakuisikia.

Alikaa siku kadhaa bila kwenda, aibu inamtafuna. Aliporudi alipitiliza chooni kunawa, kama kawaida yake. Korongo alikuwa humo, juu ya tangi la maji, kando ya karatasi za akiba. Mineo alisimama akimtazama hadi mtu mwingine akabisha hodi. Alipotoka, akaona juu ya kaunta ukurasa uliokatwa kwenye jarida, umetiwa fremu ya kioo: Bwana Rundo anahutubia paredi ya wanafunzi, mvuke unamtoka kichwani.

"Mzee," alisema taratibu. "Korongo wangu yuko chooni."

"Ndiyo, kule ukuta ulikuwa mtupu. Na ni pasafi, Fusae anapasugua kila asubuhi." Mzee alikoroga sufuria, kisha akamsogelea. "Usichukie, Mwalimu. Nilimtundika hapa kwanza. Wateja wakaniuliza ni wa nani, nikisema wako hawaamini. Mmoja akasema kamwona wa hivyohivyo benki. Wa vile wapo kila mahali. Lakini yule," akanyoosha upawa kwenye fremu, "nani mwingine anamweza?"

Mineo alikaa. Segawa aliinua macho kwenye fremu, akapaliwa na kicheko, uzi wa tambi ukachungulia puani mwake, na Mineo akageuza uso kwa kinyaa. Hakuwa na pengine pa kutazama ila juu. Akatafuta pa kuichukia ile picha, akaanza na mdomo. Ulikuwa umechorwa kwa mkupuo mmoja, brashi haikuinuliwa, mnene pale unapopinda, ukaenda ukikonda hadi ukaishia hewani, na ulikuwa hai. Kwenye korongo hapakuwa na mstari kama huo hata mmoja. Alijua, maana alikuwa ametoka kumtazama.

Akasukuma kando bakuli aliloletewa, akarudi chooni kunawa mikono.