Mwanamkisi na Pweza Aliyekataa Kaa

Mwanamkisi binti Harith, wa Mbwajumali, alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno. Siku alipopelekwa madrasa, mwalimu alirudi kwake ameshika kichwa, na hadi leo hajakiachia.

Alipofaulu mtihani wa sekondari, kijiji kizima kikamfanya daktari palepale. Bi Umulkheir wa nyumba ya pili akamletea goti lake alitazame. Babake, Bwana Harith, mvuvi wa pweza, alikwisha kuamua: binti atasomea uuguzi. Ilibaki kujaza kozi ya chuo kikuu kwenye simu, mwisho Ijumaa magharibi.

"Baba, mimi nataka biolojia," akasema Alhamisi asubuhi.

"Ndiyo kitu gani hicho?"

"Elimu ya kila chenye uhai. Miti, wadudu, samaki..."

Ami yake Idarus alicheka hadi chai ikamtoka puani, kikombe kizima na sukari yake. "Mwana wa mvuvi aende chuo kikuu kusomea pweza! Pweza hutiwa nazi, mwanangu!"

Mwanamkisi akamgeukia babake. Alijijua: uuguzi angeusoma, angefaulu, na angesononeka maisha. Na bila radhi ya babake hangekwenda popote. "Baba, leo bamvua, maji yatakupwa sana. Twende mwambani nikuonyeshe kitu kimoja tu."

Maji yalikupwa hata ungedhani bahari imehama nchi. Akampeleka kwenye tundu alilolitia alama ya kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na pweza jike, mkubwa wa kumvisha punda kilemba na mikono mitatu ikabaki. Juu yake yalining'inia mayai, kama punje za mpunga zilizotungwa uzi mfano wa asumini.

Bwana Harith akainua chuma chake cha kuchomea pweza.

"Ngoja, baba. Mpe kaa kwanza."

Babake akamtilia kaa mnono aliyemwokota mwambani. Pweza akamsukuma nje. Akamrudisha, akasukumwa tena.

"Pweza akatae kaa? Huyu mgonjwa."

"Si mgonjwa. Bamvua ya tatu hii simwoni akila. Kazi yake kuyapepea mayai. Yule wa mwaka jana, watoto walipotoka tu, nilimkuta amekufa. Ukimchoma huyu leo, umewachoma na wanawe wote."

Miaka thelathini babake alikuwa akilalamika pweza wamepungua, lawama akiwatupia majini, watu wa Shela na jicho la jirani.

"Wangapi nimewachoma hivi?"

"Sijui, baba. Na hapa kisiwani sijapata wa kuniambia."

Chuma kikashuka.

Ijumaa, baada ya sala, Bwana Harith akamkabidhi simu mbele ya Idarus. "Jaza hiyo biolojia yako." Mwanamkisi akajaza.

Kesho yake Idarus alinyemelea kitambaa chekundu, chuma mkononi. Akamkuta kaka yake amekaa kitako juu ya jiwe, kanzu imelowa hadi magotini.

"Mwache huyo," Bwana Harith akasema. "Bado anasomwa."